Kupatanisha amplifaya na spika za mnara wa boti: hesabu huanzia mwisho wa kamba

Kwa misimu miwili mfululizo nililaumu spika. Kila mpwa wangu aliporudi kutoka kuteleza kwa ubao nyuma ya boti, akiwa amelowa chepechepe, swali langu la kwanza lilikuwa kama ameusikia muziki, naye kila mara alinijibu kwamba alisikia sauti kama ya mtu anayefoka ndani ya ndoo, kisha kimya, kisha mtu yule yule akaanza kufoka tena. Spika zilikuwa nne, zimefungwa kwenye mnara wa mabomba ya aluminiamu ambao ndio pia unaoshika kamba ya mtelezaji, na zote zilielekezwa nyuma. Amplifaya ilikuwa chini ya kiti, na kasha lake lilikuwa limeandikwa wati 1600 kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji. Sikuona sababu ya kukishuku chombo chenye nambari kama hiyo, kwa hiyo nikawa nazishuku spika, ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Leo naandika hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kununua chochote. Kuanza na wati za amplifaya ni sawa na kushona kanzu kabla ya kumpima mvaaji, kwa sababu mvaaji wa mfumo huu ni yule aliye mwisho wa kamba, na kamba ya kuteleza kwa ubao kwa kawaida humweka mtu umbali wa mita 18 hadi 25 nyuma ya boti. Yeye ndiye wa kupimwa kwanza. Anayecheza na wimbi la boti bila kushika kamba, mita 3 au 4 tu kutoka ukingoni, ana shida tofauti kabisa, na kama hao ndio wageni wako wa kila siku, sehemu kubwa ya yanayofuata haikuhusu.

Mahali palipo wazi, pasipo kuta wala dari ya kuirudisha sauti, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukipima mita 1 mbele ya spika, kisha mita 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16, umekwisha kupoteza desibeli 24, na ukifika mita 20 umepoteza desibeli 26. Hasara hiyo hailipwi kwa urahisi kwa kuongeza wati, kwa maana kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio la kawaida liseme kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu huhitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Nililirudia jambo hili mara kadhaa kwa kalamu na karatasi kabla halijaniingia akilini. Amplifaya ya wati 200 si kubwa maradufu ya amplifaya ya wati 100 kwa mtu anayesikiliza; tofauti yake ni ile ambayo mtu huitambua kama umemwambia asikilize kwa makini.

Nambari inayobeba uzito mkubwa zaidi, nayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho wa karatasi ya maelezo, ni unyeti wa spika: ni desibeli ngapi spika inatoa, zikipimwa umbali wa mita 1, inapopewa wati 1. Spika zangu za kwanza zilikuwa na desibeli 91. Hapa pana mtego ambao nimewaona watu wengi wakinaswa nao, nami nikiwa mmoja wao: watengenezaji wengine hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), volti 2.83 ni sawa na wati 1 kamili, lakini kwenye spika ya omu 4, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye boti na magari, volti hizo hizo ni wati 2, kwa hiyo spika inaonekana bora kwa desibeli 3 ambazo hazipo. Unapolinganisha spika mbili, hakikisha kwanza kwamba zimepimwa kwa kipimo kimoja, la sivyo utalipia desibeli za kwenye karatasi.

Nikaifanya hesabu ya kwangu. Amplifaya ile ya wati 1600, nilipoisoma kwa utulivu, ilikuwa na uwezo wa kutoa wati 75 mfululizo kwa kila chaneli kati ya chaneli zake 4 (njia za kupeleka sauti kwenye spika) kwenye omu 4, wati 110 kwenye omu 2, au wati 220 mara mbili zikiunganishwa chaneli mbili mbili, jambo ambalo mafundi huliita kubriji, mradi kila jozi iendeshe omu 4. Zile wati 1600 zilikuwa za kilele, yaani za kitambo kifupi ambacho hakuna sikio linalokifaidi. Kipimo cha haki ni wati za mfululizo, na kipo kiwango cha Marekani, CTA-2006, kinachomtaka mtengenezaji apime kwenye volti 14.4, omu 4, na upotoshaji usiozidi asilimia 1. Karatasi ikitaja kiwango hicho, naiamini. Isipokitaja, naitafuta fyuzi iliyo ubavuni mwa amplifaya na kufanya hesabu mwenyewe, kwa sababu fyuzi haijui kusifu. Amplifaya yenye fyuzi za jumla ya ampea 40 kwenye volti 14 inameza wati 560 hivi, na haiwezekani itoe muda wote zaidi ya inachomeza.

Wati 75 ni ongezeko la karibu desibeli 19 juu ya wati 1. Jumlisha na 91, unapata 110 mita 1 mbele ya spika. Toa 26 za umbali, inabaki 84. Spika nne, nikihesabu kwa tahadhari, zinaongeza 6. Mpwa wangu alikuwa na haki ya desibeli 90 hivi, tena hizo ni za kileleni, kwa kuwa wastani wa muziki huwa chini ya vilele vyake kwa desibeli 10 au zaidi. Mtu anayevutwa kwa kasi ya kilomita 35 kwa saa ana upepo masikioni, ana maji yanayochanwa na ubao miguuni, na mbele yake kuna injini. Desibeli 80 za wastani hazitoshi kuyashinda hayo yote. Zinamfikia kama minong'ono.

Tena hizo ni hesabu za mfumo uliofungwa vizuri, nami nilikuwa nimeufunga vibaya. Niliposoma kwamba kubriji kunatoa wati 220, nikachukua spika mbili za kushoto nikaziunganisha sambamba kwenye jozi moja ya chaneli, na mbili za kulia kwenye jozi ya pili. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2. Zaidi ya hapo, chaneli mbili zinapobrijiwa, kila moja hujikuta inabeba nusu ya ukinzani uliopo, kwa hiyo kila chaneli ya amplifaya yangu ilikuwa inasukuma omu 1, wakati ilitengenezwa isishuke chini ya omu 2. Kwa sauti ndogo ilivumilia. Nikiongeza sauti, ilipata moto kwa dakika chache, taa yake ndogo ikageuka kutoka kijani kuwa nyekundu, ikajizima, ikapoa, ikawaka tena. Huo ndio ulikuwa ule ukimya alionisimulia kijana, na mimi muda wote nikidhani waya umelegea mahali fulani kwenye mnara.

Kubriji kwenyewe hakuna kosa, bali kosa ni kubriji juu ya spika mbili zilizo sambamba. Ukiwa na spika nne za omu 4 na amplifaya ya chaneli 4, mpe kila mmoja wa ndugu hao chaneli yake na usilale njaa ya wati. Ukiwa na spika nne na amplifaya ya chaneli 2 inayovumilia omu 2 kwa kila chaneli, ziunganishe mbili mbili sambamba bila kubriji. Ukitaka kubriji na bado una spika nne, lazima kila jozi ifungwe kwa mfuatano ili iwe omu 8, na hapo utakuta kwamba wati ulizokuwa unazikimbilia zimegawanyika tena na kila spika inapata karibu kile ambacho ingepata ikiwa na chaneli yake. Hakuna ujanja unaoumba nguvu kutoka kwenye nyaya.

Nilipozitenganisha na kuipa kila spika chaneli yake, kukatika kukaisha siku hiyo hiyo, na ile sauti ya ndani ya ndoo ikaondoka. Sauti ya ndoo ilikuwa na chanzo chake cha pili, nacho ni masafa ya chini. Spika ya mnara imo ndani ya kopo dogo, haina hewa ya kutosha nyuma yake, na ukiilazimisha itoe besi, utando wake hutikisika kwa nguvu bila kutoa sauti ya maana, na wati zilizopotea hapo ndizo ambazo sauti ya mwimbaji ilizihitaji. Kwenye amplifaya nyingi kipo kichujio kinachopitisha masafa ya juu tu. Nilikiweka kwenye hezi 100, na spika ambazo nilikuwa nimezichoka zikaanza kutamka maneno. Besi nimeiacha kwa spika kubwa iliyo chini ndani ya boti. Anayeteleza mita 20 nyuma haipati, na sioni kama ameipoteza, kwa kuwa katika upepo ule besi ni kitu cha kwanza kumezwa.

Hata hivyo kijana alisema anausikia muziki vizuri, lakini kwa mbali. Hapo ndipo nilipokuwa karibu kununua amplifaya kubwa zaidi, na kama nisingekuwa nimekwisha kuandika zile desibeli kwenye karatasi, ningeinunua. Wati 150 kwa kila spika zingenipa desibeli 3, na hata hizo nisingezipata zote. Koili ya spika ni waya mwembamba wa shaba, na ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Koili iliyopata moto na kuzidi hali yake ya kawaida kwa nyuzi 150, jambo lisilo geni kwa spika inayosukumwa mchana kutwa juani, ukinzani wake unakuwa umepanda kwa karibu asilimia 60, na amplifaya ile ile kwenye volti zile zile inaipa spika wati pungufu kwa zaidi ya theluthi. Desibeli 2 zimekwenda kuchemsha shaba. Spika zangu ziliandikiwa wati 100 za mfululizo, kwa hiyo ningekuwa nimelipa ili kuzikaribisha kwenye kaburi lao.

Nikabadilisha spika, amplifaya ikabaki. Niliziondoa zote nne, nikafunga mbili zenye honi, yaani mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta, kwa sauti za kati na za juu, ambazo unyeti wake ni desibeli 97 kwa wati 1, omu 4, wati 200 za mfululizo. Honi haiongezi nguvu. Inachofanya ni kuikusanya sauti na kuielekeza upande mmoja badala ya kuimwaga kila upande, na upande huo ndio hasa aliko mtelezaji. Desibeli 6 za ziada katika unyeti ni sawa na kuzidisha wati mara nne, na hazimdai mtu hata ampea moja ya betri. Sasa zile chaneli nilizozibriji kimakosa nikazibriji kwa haki: jozi moja kwa spika moja ya omu 4, wati 220 zinazopatikana kwa spika inayobeba 200. Ukihesabu, 97 na 23 za wati 200 ni 120, toa 26, ongeza 3 za spika mbili, unapata 97. Kutoka 90 hadi 97 kwa amplifaya ile ile, na spika zimepungua kwa nusu.

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu kupatanisha huku ni kama wati za amplifaya ziwe chini, sawa, au juu ya zile za spika. Mimi napendelea ziwe sawa au zizidi kidogo, kisha nidhibiti kwa geini, na sababu yangu ni ile hali ya amplifaya kukata vilele vya wimbi inapoombwa kupita uwezo wake. Wimbi lililokatwa hadi likawa na pembe kama tofali hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kimo kile kile, na sehemu ya nguvu hiyo huangukia kwenye masafa ya juu ambako koili ni ndogo kuliko zote. Husemwa kwamba amplifaya ndogo ndiyo inayounguza spika. Maneno hayo yana ukweli nusu, maana amplifaya ya wati 50 inayopigwa kwa kiasi inaweza kuishi na spika ya wati 200 hadi zote mbili zizeeke. Kinachounguza ni mkono unaoendelea kuzungusha kitufe baada ya sauti kuanza kukwaruza, na mkono huo huja kwa sababu sauti haikutosha tangu mwanzo.

Geini si kitufe cha sauti, ingawa kinazunguka kama kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio inayoilisha, ili redio inapofika juu kabisa ya kiwango chake safi, amplifaya nayo ifike hapo hapo na isipite. Niliichoma spika moja ya zamani kwa kutolijua hilo, na harufu ya gundi ya koili iliyoungua haisahauliki. Inafanana na plastiki iliyoachwa juu ya jiko. Siku ya kupanga zile mpya nilifanya kwa mita. Nilizichomoa spika zote, nikazima marekebisho yote ya sauti kwenye redio, nikaipandisha redio hadi robo tatu ya kiwango chake, nikacheza mlio mmoja mnyoofu wa hezi 400, kisha nikaweka ncha za mita kwenye tundu za amplifaya nikiwa nimeigeuzia kwenye volti za mkondo geu. Volti ninazozitaka ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 200 mara omu 4 ni 800, na kipeuo chake cha pili ni 28.3. Nikaizungusha geini kwa bisibisi ndogo, pole pole, mita ikasoma 19, ikasoma 24, ikaruka hadi 30, nikairudisha nyuma kwa kiasi cha unene wa ukucha hadi ikakaa kwenye 28.

Nilichagua hezi 400 kwa makusudi. Mlio wa hezi 50 au 60, ambao wengi huutumia, ungekatwa na kile kichujio cha hezi 100, mita ingesoma volti kidogo, nami ningepandisha geini bila kujua hadi mahali pa hatari. Na mlio wa kilohezi 1 huzipiga chenga mita nyingi za bei nafuu, ambazo husoma kwa usahihi hadi hezi 400 tu. Jambo la pili ni kwamba niliipanga geini injini ikiwa imezimwa. Amplifaya nyingi hutoa nguvu kulingana na volti zinazoingia, na nguvu hiyo hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ile inayotoa wati 220 kwenye volti 14.4 wakati altaneta inachaji, inabaki na 150 na ushei kwenye volti 12 wakati boti imetia nanga na watu wanaogelea. Kwa sikio hasara hiyo ni ndogo, haifiki desibeli 2, ila ukipanga geini wakati injini inanguruma, ukizima injini vilele vyote vitakuwa vinakatwa bila wewe kugusa kitu. Kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, ile 28 ilikuwa imepita mahali wimbi linapoanza kuharibika, kwa hiyo nikaishusha hadi 25, na hapo nikaiacha. Ni tofauti ya desibeli 1. Sijaitafuta.

Amplifaya iliyopatana na spika bila kupatana na betri haijapatana na chochote. Wati 400 zinazotoka, kwa amplifaya ya daraja la D yenye ufanisi wa asilimia 80, ni wati 500 zinazoingia, na kwenye volti 12.5 hizo ni ampea 40. Ya daraja la AB ingetaka ampea 55 hadi 60 kwa kazi ile ile, na ziada yote ingekuwa joto chini ya kiti. Muziki hauombi kiasi hicho kila wakati, wastani wake unaweza kuwa robo ya hapo au pungufu, lakini waya na fyuzi havipangwi kwa wastani. Waya niliokuwa nao kwanza ulikuwa wa milimita za mraba 8, na nilipoukwangua kwa kisu rangi ya shaba ilitoka na chini yake ikaonekana nyeupe: ulikuwa aluminiamu iliyovikwa shaba. Betri iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya, kwa hiyo umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi, na kwa ampea 40 waya ule ulikuwa unakula takriban volti 1.4. Betri iliyochoka kidogo, ikiondolewa volti 1.4, inaifikisha amplifaya karibu na kiwango inachojizimia yenyewe kwa njaa. Waya wa shaba tupu iliyopakwa bati, wa milimita za mraba 21, kwa safari hiyo hiyo hula kama volti 0.33. Bati si urembo, maana shaba isiyopakwa hugeuka kijani na nyeusi ndani ya ganda lake ikikaa karibu na maji, hasa ya chumvi, na huanzia pale penye kiungo.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, wala si karibu na amplifaya, kwa kuwa inaulinda waya. Viwango vya ABYC, baraza la Marekani linaloandika kanuni za ufundi wa boti, vinataka fyuzi iwe ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ukubwa wake ufuate waya. Na betri ya kuwashia injini isiguswe na muziki kabisa. Niliongeza betri ya pili ya aina inayovumilia kutumika hadi nusu, ikitenganishwa na ya kwanza kwa relei inayoziunganisha pale tu altaneta inapochaji. Betri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake kwa wastani wa ampea 10, inakupa saa 5 za kukaa umetia nanga, na injini itawaka.

Kuhusu mahali pa kuiweka amplifaya nitasema machache. Isikae kwenye chumba cha injini ya petroli hata kama nafasi inavutia, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, na kifaa chochote cha umeme kisichothibitishwa kwamba hakitoi cheche inayoweza kuuwasha hakina ruhusa ya kuwa humo. Isilazwe sakafuni ambako maji hukusanyika. Ifungwe wima ukutani, mapezi yake ya kupozea yakiwa yamesimama ili hewa ya moto ipande.

Nyaya za spika zinapita ndani ya mabomba ya mnara, na hapo pana hatari ambayo watu wa magari hawaijui. Chaneli zinapobrijiwa, ule waya wa hasi wa spika si hasi ya betri. Una volti zake mwenyewe. Ukichunwa na ukingo wa tundu ulilotoboa kwenye aluminiamu, na mnara ukawa umeungana na hasi ya betri kupitia taa au skrubu yoyote, umeipiga amplifaya shoti. Weka pete ya mpira kwenye kila tundu, na kama mnara wako unakunjwa, acha waya wa ziada penye bawaba. Kitu kingine: sumaku za spika hizi ni nzito, na zikiwa karibu na dira huivuta. Linganisha usomaji wa dira kabla na baada ya kuzifunga.

Nimeutaja mwisho wa kamba mara nyingi na kuwasahau waliomo ndani. Kati ya mita 2 na mita 20 kuna tofauti ya desibeli 20, kwa hiyo ukimpa mtelezaji wastani wa 85, anayesimama mbele ya honi anapata 105, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri kwamba kwa desibeli 100 sikio lisizidi dakika 15. Honi husaidia hapa pia, kwa kuwa ukiziinua kidogo, sauti hupita juu ya vichwa vya waliokaa kwenye benchi la nyuma. Spika za mnara ziwe na kitufe chao cha sauti, mbali na zile za ndani, na kiwe mahali dereva anapofikia bila kugeuka. Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inakitaka kila chombo kiwe na uangalizi unaofaa kwa macho na kwa masikio pia, na dereva asiyeweza kusikia honi ya chombo kingine hajatimiza nusu ya wajibu huo. Jioni nazizima kabisa, kwa sababu hewa iliyo juu ya maji ikipoa kuliko iliyo juu yake, sauti hujipinda kurudi chini na kusafiri hadi ufukweni ikiwa safi, na walioko huko hawakuomba kuchaguliwa wimbo.

Siku ya kwanza ya spika mpya nilikuwa usukani. Mpwa wangu alikuwa mwisho wa kamba, wimbo ukiwa katikati, nikamwona kwenye kioo ameelekeza kidole gumba chini. Kwa watu wa mchezo huu ishara hiyo ni moja tu, punguza mwendo, nami nikapunguza. Ubao ukazama, kijana akazama nao, akaibuka akitema maji. Nilipozunguka kumfikia alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mjomba," alisema, "nilimaanisha muziki."

Sasa tuna ishara mbili tofauti.